Mhariri, hiyo ndimu mtatuunguza nayo

Mhariri salaam. Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa urembo kuhusu mimea inayochelewesha ngozi kuzeeka, nimeisoma yote mpaka mwisho maana mi nauza vipodozi hapa Magomeni na wateja washaanza kuja dukani na gazeti mkononi wanataka "ile kitu ya kwenye gazeti". Kibiashara mmenisaidia, asanteni sana. Ila kuna mambo yamenikaa vibaya na nikinyamaza kuna watu wataungua, na siongei kwa mafumbo, wataungua kweli.

Tuanze na ndimu. Mwandishi wenu kasema changanya ndimu, manjano na asali ujipake asubuhi kabla ya kutoka. Asubuhi kabla ya kutoka! Jamani. Ndimu ina kemikali zinaitwa furanokumarini, zikibaki kwenye ngozi alafu jua likazipiga ngozi inaungua, na haiungui hapohapo, kesho yake au keshokutwa ndo unaona inawaka, malengelenge yanatoka, yakikauka yanaacha weusi unaoweza kukaa wiki kadhaa au hata miezi. Madaktari wa ngozi wanalijua hili siku nyingi, hata wale wanaotengeneza vinywaji ufukweni wakikamua ndimu juani linawapata mikononi. Mtu kaenda kutafuta ujana anarudi na ramani shingoni. Manjano yenyewe hayana ubaya sana zaidi ya kukuharibia foronya, ila ile kurkumini, kemikali yake inayosifiwa, inapenya kwenye ngozi kwa shida, kwahiyo hayo makubwa mliyoahidi msiyategemee.

Jambo la pili ndo limenifanya nichukue kalamu. Mmeandika kwamba mbegu za babchi ni "retinoli ya asili" na mtu anaweza kununua unga wake akajipaka. Hapo mmechanganya vitu viwili. Retinoli ni jamii ya vitamini A, na jamii hiyo ndo yenye ushahidi mzito kwenye makunyanzi, toka mwaka 1986 pale daktari Albert Kligman wa Marekani na wenzake walipotoa utafiti wao wa tretinoini, ambayo ni ndugu yake retinoli mwenye nguvu zaidi na inatakiwa uandikiwe na daktari. Kasoro yake inawasha, inababua, na mjamzito anaambiwa akae nayo mbali. Sasa ndani ya mbegu za babchi, mmea wa India na China, kuna kitu kinaitwa bakuchioli, na mwaka 2019 jarida la British Journal of Dermatology lilitoa utafiti wa watu 44 kwa wiki 12, wengine wakapewa krimu ya bakuchioli asilimia 0.5 asubuhi na usiku, wengine retinoli asilimia 0.5 usiku tu. Makunyanzi na madoa yakapungua pande zote mbili na hawakuona tofauti ya maana, ila wa retinoli walibabuka na kuwashwa zaidi. Watu 44 ni wachache, mi nisingeapa kwa utafiti mmoja, lakini ni kazi nzuri na imelinganisha kitu na kitu sio maneno ya tangazo.

Lakini hiyo bakuchioli ilikuwa imechujwa! Unga mbichi wa babchi unao pia psoraleni, ambazo ni kundi lilelile la kemikali za kwenye ndimu, zinaifanya ngozi iungue na jua kirahisi. Ndo maana toka zamani India walikuwa wanautumia kutibu mbalanga, mgonjwa anapakwa alafu anakaa juani makusudi ili rangi irudi. Sasa nyie mnamwambia dada wa watu aupake usoni kila siku alafu apande bodaboda saa sita mchana. Kama mtu anaitaka bakuchioli atafute krimu au seramu iliyoandikwa jina hilo na asilimia yake, huo unga auache dukani.

Na hapo kwenye asilimia ndo penyewe kwa kweli. Watu wanaangalia picha ya jani mbele ya chupa wanalipa. Geuza chupa nyuma bana. Viungo vinapangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kidogo, vile vilivyo chini ya asilimia 1 kiwanda kinaruhusiwa kuvipanga kinavyotaka. Ujanja ninaowafundisha wateja wangu ni huu, tafuta neno phenoxyethanol, ni kihifadhi cha kuzuia krimu isiharibike na Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, kwahiyo huo mmea uliokushawishi ukikuta jina lake limekaa nyuma ya hicho ujue kuna uwezekano mkubwa uliowekwa ni kidogo sana. Mmea unaandikwa kwa jina la kisayansi, mbuyu ni Adansonia digitata, mshubiri ni Aloe barbadensis. Sio kila kitu kidogo hakifanyi kazi, hiyo bakuchioli yenyewe ni nusu asilimia, ila aliyeweka kiwango cha maana huwa hafichi, anakiandika mbele kwa herufi kubwa.

Msije mkasema napiga vita mimea. Mafuta ya mbuyu nayauza na nayapaka, yanazuia ngozi isikauke, na ngozi yenye unyevu mistari midogo haionekani sana. Lakini hiyo ni tofauti na kujenga kolajeni, ile protini inayoifanya ngozi ikaze, ukiacha kupaka mistari inarudi palepale. Liwa ya bibi zetu wa pwani nayo inapendeza na inanukia, mi naipenda, ila hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba inarudisha miaka.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ukurasa mzima wa kuzeeka kwa ngozi haujataja jua hata mara moja. Kwa uzee unaoonekana usoni, jua ndo linalovunja kolajeni kuliko kitu kingine chochote. Kule Nambour, Australia, walifuatilia watu 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu, waliopaka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, kila siku ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu ya waliopaka wanapojisikia. Najua mtasema wale wazungu. Kweli, melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inatukinga na makunyanzi yetu yanachelewa, ila kwetu jua linaanza na madoa na rangi kutolingana, na hicho ndo wateja wangu wengi wanacholalamikia wakisema "nimezeeka". Sanskrini nyingi zinaacha weupe usoni na bei zake zinaumiza, nakubali, basi kofia, mtandio, mwavuli, vyote vinasaidia. Na tusijifanye ni mambo ya ng'ambo tu, pale hospitali ya KCMC Moshi walianzisha sanskrini yao wenyewe, Kilisun, kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino.

Alafu la mkorogo wa kujichubua, fupi tu. Siku hizi mkorogo umebadilisha nguo, unauzwa kwenye kopo lenye picha ya mshubiri limeandikwa "mitishamba, huondoa makunyanzi". Krimu ya mimea haikung'arishi kwa siku tatu. Ikikung'arisha hivyo shuku steroidi, hidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na steroidi ukiitumia muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, yaani unazeeshwa na dawa ya kutozeeka. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, toka 2019, na kopo lisilo na orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji mi silipangi dukani kwangu, wateja wengine wananuna wanaenda kwa jirani, waende tu.

Ninachoomba mhariri ni kwamba toleo lijalo mtoe masahihisho ya ndimu na unga wa babchi, tena palepale kwenye ukurasa wa urembo sio kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja. Na mwandishi akiandika tena mambo ya ngozi apige simu kwanza kwa daktari wa ngozi, hata hapo KCMC wana kituo kinachofundisha fani hiyo. Aulize mmea gani, kiasi gani, na nani kapimwa nao. Wateja wangu wana hayo maswali kila siku, na gazeti wanaliamini kuliko mimi.

Mama wa vipodozi,
Magomeni, Dar es Salaam