Kwa Mwalimu wa Kipaimara, kutoka kambini Minnesota

Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Agosti

Kamwene, Mwalimu!

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini baridi ya Iringa imeanza kulegea na umeacha kulala na soksi. Ujumbe wako wa "umetususa au umeolewa huko?" niliuona. Sijasusa na sijaolewa. Tukiwa zamu simu zetu zinakaa ofisini, na za watoto ndiyo kabisa hazivuki geti. Nikiipata yangu usiku, kwenu kumeshakucha, nami macho hayafunguki. Leo watoto wa mwisho wameondoka, magodoro tumeyasimamisha ukutani, nami nimekaa kwenye ngazi za jikoni nikuandikie barua nzima.

Unajua nilikuja kulea watoto kwenye kambi hii ya kanisa kwa njia ya Bega kwa Bega, ule uhusiano wa Dayosisi yetu ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, yaani dayosisi ya Walutheri wenzetu wa huku, uliopo tangu 1987. Kwa jinsi tunavyowapokea wao Iringa, kwa vigelegele, wali na kitenge cha kuagia, nilijiandaa kuwa mgeni. Salamu za kanisa nilizitoa siku ya kwanza, wakapiga makofi. Asubuhi yake nikakabidhiwa fulana ya kambi, filimbi na brashi ya choo. Nakuambia ukweli, ile brashi ndiyo iliyonipa heshima hapa. Mgeni huulizwa maswali ya simba. Anayesugua choo pamoja na wenzake huulizwa kama ana sabuni ya kuazima.

Juma linakwenda hivi: watoto wanashushwa na wazazi Jumapili mchana, wanaondoka Ijumaa, Jumamosi unafua na kulala kama gogo, Jumapili wanakuja wengine. Mlangoni anakaa muuguzi na meza yake, anapokea dawa zote, za pumu, za mzio, za usingizi, kila moja na jina la mwenyewe. Karanga huku ni kitu cha kuogopwa. Mtoto mwenye mzio anaweza kufa, kwa hiyo jikoni hazikanyagi. Mimi niliyelelewa na mboga ya karanga nilikuwa naota mlenda wa mama.

Ziwa lipo hatua chache kutoka vibandani. Minnesota wanajisifu kuwa na maziwa elfu kumi, na ukihesabu vizuri yanazidi hapo. Kila mtoto anapimwa kuogelea kabla ya kuruhusiwa kwenye kina, na hakuna anayeingia bila mwenzake wa kufuatana naye. Kila baada ya muda filimbi inalia, kila mmoja anamshika mwenzake mkono na kuuinua juu, tunahesabu, ndipo wanaendelea. Waokoaji wana mafunzo yao na cheti. Mimi, mtoto wa Kihesa ambaye maji yangu ni ya ndoo, kazi yangu ilikuwa gatini, kuhesabu mikono. Jioni tunakagua kupe kwenye miguu na nyuma ya masikio, maana wa huku wanaleta ugonjwa mbaya. Mbu ni wengi kuliko wa Kilombero, ila hawana malaria, basi nikawa nawadharau. Na jua, mwenzangu! Mwezi wa sita linazama saa tatu usiku. Nenda ukamlaze mtoto wa miaka tisa wakati nje bado kweupe.

Kuna sheria moja nataka tuizungumze na mchungaji nikirudi. Mtu mzima haruhusiwi kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Ukitaka kumshauri, mnakaa kwenye benchi, wengine wakiwaona, hata kama hawawasikii. Mwanzoni unajiona kama unashukiwa. Baadaye unaona inamlinda mtoto, na inakulinda wewe. Kwetu mtu akishaitwa mtumishi, nani atamuuliza binti aliitwa ofisini jioni kwa ajili ya nini? Sitaki tusubiri jambo litokee.

Nyimbo zao ni za kurukaruka na vitendo vya mikono, hata koo likikauka bado unaruka. Siku ya kwanza walinipokea kwa wimbo wa Kizulu wakidhani ni lugha yetu, nikaimba nao, ningefanyaje? Chakula nitakusimulia ana kwa ana. Kwa kifupi, kuna chungu cha nyama ya kusaga, viazi na supu ya uyoga ya kopo, vyote vikaokwa pamoja, na wanakipenda kama sisi tunavyopenda pilau ya sikukuu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie wewe hasa. Kuna majuma ya vijana wa kipaimara, wenye miaka kumi na miwili hadi kumi na minne. Usiku baada ya moto wa kambi, taa zikizimwa, wanaanza kuuliza. Mmoja alisema tulimwombea bibi yangu mwaka mzima na bado akafa, Mungu alikuwa wapi? Mwingine ana rafiki Mhindu anayempenda sana, akataka kujua rafiki huyo ataenda wapi. Mimi mdomoni nilikuwa na mistari yangu tayari. Mwenzangu wa kibanda, binti wa miaka kumi na tisa, akamjibu yule wa kwanza gizani: sijui, na mimi huwa nalia kwa jambo kama hilo, ulikuwa unampenda vipi bibi yako? Yule mtoto akaongea karibu nusu saa. Kesho yake ndiye aliyeomba kusoma Zaburi.

Usifikiri nimelewa na ya wenzetu. Wengi wao hawajui Amri Kumi zinaanzia wapi, na ukisema "tuombe" kila mtu anatazama viatu vyake. Binti yule yule aliniomba nimfundishe kuomba kwa sauti, akasema kwao anayeomba hadharani ni mchungaji tu. Vijana wako wangesimama mbele ya askofu wakatiririka Katekisimu nzima bila kukwama. Lakini niambie, katika miaka miwili ya mafundisho, nani kati yao amewahi kukuuliza swali ambalo hukulijua jibu? Sisi wenyewe tulipokuwa tunafundishwa, yule aliyeuliza kuhusu mapacha wa jirani waliokufa bila ubatizo aliambiwa akae chini. Unamkumbuka. Hakumaliza hata mwaka. Na Luther mwenyewe Katekisimu ile ya 1529 aliijaza maswali, baba amfundishe mtoto nyumbani kwa kuulizana. Tumebaki na majibu tu.

Jumamosi moja walinipeleka Minneapolis, mtaa wenye Wasomali wengi. Dukani mama mmoja aliposikia nasema "aa, jamani" baada ya kuona bei, akanijibu kwa Kiswahili cha Nairobi kabisa, alikaa Eastleigh kabla ya kuja huku. Akaniwekea chai ya tangawizi na sambusa, akakataa pesa. Akauliza nafanya nini Marekani, nikamwambia nafundisha watoto dini. Akacheka, akasema naye ana wanne, wanamuuliza maswali mpaka anakimbilia jikoni.

Basi, ombi langu. Darasa la kipaimara linaloanza mwakani, nipe saa moja ya Jumamosi. Tuwe wawili, wewe na mimi, kwenye viti vya nje pale penye mti, si darasani. Kila kijana aandike swali bila jina, tuchanganye kapuni, tusome yote, hata yale yatakayotutoa jasho. Wazee wa kanisa wakiuliza, sema ni mazungumzo ya Katekisimu, wala hutakuwa umedanganya. Mwinjilisti niachie mimi, ananiheshimu tangu nimsaidie na ile harusi.

Narudi katikati ya mwezi wa tisa. Nitumie namba ya kiatu ya mwanao, wa huku wanaacha raba nzuri kambini na hakuna anayezifuata. Na mwambie mama asipike kuku, anipikie mlenda wa karanga.

Wako katika Kristo,
Mwenzako wa Kihesa