Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): Karanga zipimwe kabla ya kusagwa unga wa lishe

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tangu 2019, usalama wa chakula ulipohamishiwa TBS, unga wa lishe wa watoto wetu uko mikononi mwako. Tunakuandikia kuhusu sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, ile ile iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi na unga wake ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 400 za unga uliofikia kikomo hicho, hupata nanogramu 67 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 8 akila gramu 100 tu, hupata 125. Naye hula uji huo huo asubuhi na jioni, miezi mfululizo, na kuuchemsha hakuiondoi sumu. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "lishe ya mtoto" isipitishwe kwa kikomo cha ugali wa watu wazima.

Mahindi yanajulikana, yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 na kuwekwa juu ya chaga, nusu ya kazi imekwisha. Kinachotutia hofu zaidi ni karanga zinazochanganywa kwenye unga huo wa lishe. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi ndizo hubeba sumu nyingi, ndizo za bei rahisi, na zikishasagwa hakuna jicho litakalozitambua. Kukaanga hupunguza sumu, hakuimalizi. Msindikaji azichambue kwa mkono baada ya kukaanga na kupepeta maganda, maana hapo ndipo punje mbovu inapoonekana.

Kisha apime. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kuchafua gunia zima, na kiganja kimoja cha sampuli kikazikosa. Bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, lichomwe kila gunia, juu, katikati na chini. Sampuli zichanganywe na kusagwa zote, ndipo ichotwe ya kupima. Kupima pakiti iliyokwisha fungwa ni kuchelewa, kwa sababu mtaji wote umeshaingia humo na kishawishi cha kuuza ni kikubwa.

Tunaomba sharti hilo liingie kwenye leseni ya kila msindikaji wa unga wa lishe, na wadogo wapimiwe bure katika ofisi zako za kanda. Toleo la unga likikataliwa, jina la bidhaa na namba ya toleo vibandikwe kliniki za watoto ndani ya wiki hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wataalamu wa usalama wa chakula na wasindikaji wa nafaka