Mwizi wa kuku anamuona hakimu, mgonjwa je?

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale husema mtu akirukwa na akili afungwe tu kamba apelekwe Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, mambo ya haki yatajulikana mbele. Mimi sipingi mtu kulazwa kwa nguvu, nasema mapema tusije tukagombana bure. Mtu ameshika panga, anasikia sauti zinamwambia majirani wanataka kumuua, huyo ukingoja akubali mwenyewe mtazika mtu. Shida yangu ni nani anaangalia geti likishafungwa.

Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 49 inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24 ama siku ya korti inayofuata, hata kama ni kuku umeiba. Sasa ona Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 vile iliandikwa mwanzoni: mume, mke ama jamaa aliandika ombi, daktari alipendekeza, mtu alilazwa hadi miezi sita na ingeweza kuongezwa mpaka mwaka, na hapo kote hakimu hakuwepo.

Kwetu ilitupata. Binamu yangu alikuwa mlevi, hilo hatukatai, lakini siku walimchukua ilikuwa alfajiri, vijana wa rihabu moja ya kibinafsi, yaani kituo cha kutibu walevi, na pingu zao na gari haina maandishi, wamelipwa na kaka yake mkubwa, na hakuna daktari alikuwa amempima. Mamake alipouliza karatasi akaonyeshwa risiti ya pesa. Kumbe hao ndugu wawili walikuwa na kesi ya shamba! Na alipotolewa hakuna aliyesema amepona, ni ada ilikuwa imekwisha. Halafu hizo rihabu zisituambie sheria haiziguzi, manake marekebisho ya 2022 ya hiyo Sheria ya Afya ya Akili yaliwahesabu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya kama wagonjwa wa akili sawa na wengine.

Kuna wanaharakati nao wanashika ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu, ambao Kenya iliridhia 2008, kifungu cha 14 kinasema kuwa na ulemavu kusiwe kamwe sababu ya kumnyima mtu uhuru, wao wanasoma hapo kwamba kulaza kwa nguvu kukomeshwe kabisa. Hapo tunaachana, nadhani wengi wao hawajawahi kulala nyumba moja na mtu ambaye hajafunga jicho wiki nzima.

Uingereza, kwa sheria yao ya 1983, mtu akilazwa zile siku 28 za kupimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa baraza ambalo si la hospitali. Sisi pia tunaweza, na pesa si kisingizio, wakati wa korona korti zetu zilisikiza kesi kwa video na mambo yakaenda. Hakimu amsikize mgonjwa wiki ile ya kwanza akiwa wodini, na yule jamaa aliyetia sahihi atoke nje kwanza.

Msomaji wenu,
Nakuru