Vijana wanaorudi kutoka JKT wapokelewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji aliyedai kwamba vijana wa leo wamelegea kwa sababu hawakupitia tuliyoyapitia sisi. Sikubaliani naye. Nilifundisha shule za sekondari mkoani Mtwara hadi nilipostaafu mwaka 2021, na katika ukoo wangu nimeona vizazi vinne vya wanawake vikivuka kutoka utotoni, kila kimoja kwa njia yake. Pengo lipo, lakini mimi naliona kwetu tunaobaki nyumbani, si kwa watoto wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Mama yangu aliingia unyagoni hapa Masasi miaka ya 1940. Huenda wasomaji wa mikoa mingine hawajui kwamba huku kwetu Kanisa la Anglikana halikuzipiga marufuku mila hizi. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoanzishwa mwaka 1926 hadi 1944, aliona kwamba Mkristo asiyekwenda jandoni habaki mtu mbele ya wenzake, basi akaliingiza jando ndani ya Kanisa. Padri akawepo, sala zikawekwa, yasiyopatana na imani yakaondolewa, na wasichana nao wakafanyiwa utaratibu wao. Wapo waliomlaumu wakati ule na wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi namshukuru, kwa kuwa aliwatazama watu wa Masasi kabla hajawahubiria.

Aliyofundishwa huko ndani mama hakunieleza hata siku moja, na amekwenda nayo kaburini. Alichopenda kusimulia ni siku ya kutoka. Alinyolewa kichwa, akapakwa mafuta, akavishwa nguo mpya ambazo hazijaguswa na maji. Akatembezwa taratibu, macho chini, amefunikwa kwa mwamvuli, vigelegele mbele na nyuma. Shangazi zake walimtuza senti na ushanga. Alipewa jina jipya, na tangu siku ile kumwita kwa jina la utotoni kulikuwa ni kumtukana. Asubuhi iliyofuata, alisema, watu wazima walimwamkia kwa namna nyingine na kumtuma kazi nyingine. Hapo ndipo alipojua kwamba amekua. Kungwi alimfundisha, lakini waliomfanya mtu mzima ni kijiji kizima, kwa jinsi walivyoanza kumchukulia.

Unyago wangu mimi siusifu. Niliingizwa wakati wa likizo nikiwa darasa la nne, mambo yakafanywa haraka, na sehemu kubwa ya niliyoambiwa haikuwa ya umri ule. Kama mwalimu nimepokea kidato cha kwanza wasichana walioambiwa wangali na miaka tisa kwamba sasa wao ni wakubwa, na baadhi yao hawakufika kidato cha pili kwa ujauzito. Makungwi wenzangu wa Masasi, Newala na Nanyumbu wanajua nasema nini. Mtoto wa darasa la nne asubiri. Akifika umri wa kuelewa, afundishwe usafi wa mwili, heshima, kazi na namna ya kusema hapana. Ngoma ibaki, mwamvuli ubaki.

Utu uzima wangu niliukuta Mafinga, kambi ya JKT mkoani Iringa.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1980. Enzi hizo kwenda Jeshi la Kujenga Taifa halikuwa jambo la kuchagua. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963 kwa vijana wa kujitolea, na mwaka 1966 ikaja sheria ya kuwalazimu wasomi. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba mwaka ule kuipinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, huku akipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi wa 1980 hatukuwa na ubishi huo. Majina yalitoka, tukapanda magari.

Msichana wa Masasi, aliyezoea joto la mikorosho, nikashushwa Mafinga mwezi wa Juni. Baridi ile sijapata kuikuta tena. Saa kumi alfajiri filimbi inalia, mnatoka hangani, yaani bwenini, mbio, mchakamchaka kupita misitu ya misindano ya Sao Hill huku pumzi zinatoka kama moshi. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Mwalimu alikuwa ametutaka wananchi tufunge mkanda miezi 18, nayo miezi ile ikaendelea kurefuka. Sabuni tuligawana vipande. Ugali ulikuwa wa ule unga wa njano tuliouita yanga. Mchana shambani, jioni kwata, usiku nyimbo. Nilijifunza kufungua bunduki na kuifunga tena, lakini sijawahi kuihitaji maishani mwangu.

Nilichokihitaji nilipewa na watu wawili. Wa kwanza ni afande mmoja wa kike, koplo, mkali kuliko wanaume wote wa kombania yetu. Usiku mmoja alitukalisha wasichana wa hanga letu, akafunga mlango, akatueleza namna ya kujistiri wakati wa hedhi pale ambapo hakuna pamba wala sabuni ya kutosha, namna ya kumkatalia mwanamume mwenye cheo, na mahali pa kwenda kushtaki. Hakuna aliyekuwa amewahi kunieleza hayo waziwazi, nyumbani wala shuleni. Alikuwa kungwi mwenye magwanda.

Wa pili ni jirani yangu wa kitanda, msichana kutoka ng'ambo ya daraja la Kyaka, mkoani Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Oktoba 1978, walikimbia na nguo walizovaa. Daraja likavunjwa. Walipoweza kurudi, hawakukuta mifugo wala mlango. Mimi huku Masasi vita ile niliijua kwa redio na kwa michango ya kuku na mbuzi. Yeye aliijua kwa miguu yake. Alinisimulia kidogo kidogo, usiku, kwa sauti ya chini ili afande asisikie, na mimi nikaacha kujiona mtoto wa mwisho wa mama anayeonewa na baridi. Wazee wa siku hizi wakisema JKT ilitufundisha uzalendo, mimi huwa namkumbuka yeye.

Niliporudi Masasi mwaka 1981, mama alikuja kituo cha basi na wanawake sita au saba wa mtaa wetu. Hakuwa anajua kombania ni nini. Lakini aliona kwamba mtoto aliyechukuliwa akalelewa na watu wengine, akapunguzwa nywele na kurudi amebadilika, huyo ni mwali. Nilipokanyaga chini akafungua mwamvuli juu ya kichwa changu. Vigelegele vikapigwa pale pale, abiria wengine wakichungulia madirishani. Nyumbani nilitandikiwa mkeka, nikatuzwa vitenge na shilingi, na mjomba, ambaye hadi siku ile alikuwa akinituma maji, akaniuliza maoni yangu kuhusu shamba la korosho lililokuwa na mgogoro. Niliyajibu maswali yake nikitetemeka. Hadi leo naona ile ndiyo siku iliyofunga mafunzo yangu, si gwaride la Mafinga.

Sasa nimfikie binti yangu. Alimaliza kidato cha sita Februari 2003. Serikali ilikuwa imesimamisha JKT ya lazima, ile iitwayo “kwa mujibu wa sheria”, tangu 1994 kwa kukosa fedha. Unyago nilikuwa nimemkatalia mimi mwenyewe kwa sababu nilizozieleza. Akakaa nyumbani miezi mingi akisubiri matokeo na chuo, hana anayemfundisha wala anayemtarajia kitu. Alipokaribia kuolewa akafanyiwa kicheni pati Dar es Salaam, katika ukumbi wa kukodi: sufuria, jokofu, MC, na mafundisho ya saa moja yaliyopigiwa muziki wa juu. Nilimuuliza mwaka juzi ni lini alijiona amekuwa mtu mzima. Akaniambia: “Mama, ni usiku ule nilipojifungua, na nilikuwa naogopa maana hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nimeshakua.” Kati ya 1994 na 2013 wako maelfu kama yeye, na leo ndio walimu, wauguzi, mameneja na wazazi wetu. Wamejitahidi sana, na tusiwaseme kwamba ni kizazi cha mteremko.

JKT ya lazima ilirejea Machi 2013, na baadhi ya wabunge vijana wakaingia kambini kuonyesha mfano. Sasa ni miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mjukuu wangu aliitwa mwaka 2024, akapangiwa Bulombora, Kigoma. Toka Masasi hadi Kigoma ni kuivuka nchi nzima, na mama yake alilia. Mimi nilichukua ile orodha ya vifaa nikaingia naye sokoni: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari. Bukta haikupatikana, fundi cherehani wa mtaani akaishona usiku huo huo na akakataa hela ya kushonea. Alisema kaka yake alipita kambi ya JKT ya Nachingwea.

Alirudi mwisho wa Agosti. Nilikuwa nimejiuliza kama miezi mitatu inatosha kubadilisha mtu, ukilinganisha na mwaka wetu mzima. Siku ya kwanza aliamka saa kumi alfajiri, akafagia uwanja wote, akachota maji, na tulipotoka nje tayari alikuwa ameshamwamkia jirani mgonjwa na kumchemshia uji. Nikamwuliza kilichomgusa zaidi. Sikutegemea atasema ni siku walipopelekwa kulenga shabaha, na hakusema hivyo. Alinitajia msichana mwenzake wa kitandani, wa kutoka Pemba, aliyekuwa hajawahi kulala nje ya nyumbani kwao, wakawa wanashikana mikono kabla ya kulala. Tofauti yetu ni miaka 44, ziwa na mlima, na tulikuwa tunaelezana habari moja.

Lakini sikilizeni alivyorudi. Alishuka kwenye basi na begi lake, akapanda bodaboda, akafika mlangoni. Katika mtaa wetu walirudi vijana wanne wiki ile ile. Hakuna mwenyekiti wa mtaa aliyeuliza, hakuna kanisa wala msikiti uliowataja, hakuna mzee aliyewaita. Ndani ya juma moja wote walikuwa wamerudi kwenye simu zao, na kwa haki, maana simu ndiyo pekee iliyokuwa inawasemesha. Tumewaachia afande kazi ya kungwi, nasi tukaiacha ile kazi ambayo haikuwahi kuwa ya kungwi.

Nikawaita wote wanne nyumbani kwangu Jumapili. Nikawaita pia wazee wa mtaa niliojua wamepita jeshini. Alikuja mzee wa Ruvu ya miaka ya 1970, mama mmoja wa Makutupora, na mzee wa Maramba ambaye kwa kawaida hasemi na mtu. Tuliwapikia wali kwa kuku na mboga ya kisamvu. Yule mzee wa Maramba aliwatazama vijana, akapaza sauti ya gwaride, na wote wanne wakasimama wima kabla hawajafikiri. Baada ya hapo hatukuweza kuwanyamazisha. Kila mmoja alitaja jina la operesheni yake, yaani kundi aliloingia nalo jeshini, nyimbo zikaimbwa, kumbe nyingine ni zile zile ila majina yamebadilishwa. Mzee alimkabidhi mmoja wa wavulana jembe jipya na kumwomba aje kumsaidia hesabu za chama cha msingi cha korosho. Kijana yule anakwenda hadi leo, na wakubwa wa chama wanamsikiliza.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Orodha za vijana wanaokwenda JKT zinajulikana, na tarehe za kufunga mafunzo zinajulikana. Serikali za mitaa, vijiji, makanisa na misikiti wapange siku moja kila mwaka, mara vijana wanaporejea, wawapokee hadharani na kila mmoja akabidhiwe kazi halisi ya jamii: kamati ya maji, hesabu za kikundi, kufundisha watoto kusoma jioni. Haihitaji bajeti. Wazee waliopita kambini wako kila kata na wanatamani kuulizwa.

Na siku hiyo waalikwe pia ambao hawakuitwa. JKT kwa mujibu wa sheria inawagusa waliofika kidato cha sita tu, na wengi wa vijana wetu wanaishia darasa la saba au kidato cha nne. Wale madereva wa bodaboda pale stendi, waliotahiriwa hospitali asubuhi na kurudi kazini baada ya wiki, nani aliwahi kuwaambia kwamba wamekuwa watu wazima na tunawategemea? Mwalimu wa ufundi, fundi wa magari, mwenye shamba, yeyote aliyewalea kikazi, aje asimame awashuhudie mbele ya watu.

Sisi wa mtaa wetu tutafanya tena mwishoni mwa Agosti, na safari hii mwenyekiti ameahidi kuja. Wasomaji walio mitaa mingine wakifanya, naomba waandike katika safu hii watueleze ilivyokuwa, hasa mikoa ambako hakuna jando wala unyago, tujue wao huwapokeaje.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara