Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kusoma Sarafu

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tuliazimia kupunguza kununua na kuongeza kusoma, na azimio hilo limeshika. Vikao karibu vyote vimekuwa vya sarafu ndogo za bronzi za Konstantino, kaisari wa Roma, na wanawe, zile ambazo wengi wetu hapa Uingereza tulizirundika kwenye kopo kwa kuwa ni za bei nafuu na zimechakaa.

Tumekazania aina yenye maandishi GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi: askari wawili wenye mikuki na ngao, na katikati yao bendera za kikosi. Bendera zikiwa mbili, sarafu imegongwa kati ya 330 na 335 hivi. Ikiwa moja, ni ya 335 hadi karibu 341, na uzito nao umeshuka kutoka gramu 2.5 hivi hadi karibu 1.6. Kwa hiyo hata macho yakishindwa, mizani itasema. Upande wa kichwa, msiishie kwenye jina, maana CONSTANTINVS ni baba na pia ni mwana: MAX AVG (Augusto mkuu) ni baba, IVN NOB C (kijana, Kaisari mtukufu) ni mwana kabla ya kutawazwa kuwa Augusto mwaka 337. Chini ya miguu ya askari ndipo unapoonekana mji ilikogongwa. TRP ni Trier, SMAN ni Antiokia, SMN ni Nicomedia. Herufi A iliyosagika, inayofanya SMAN ionekane SMN, imetubishanisha kikao kizima, ndiyo maana nasisitiza lenzi na taa ya pembeni.

Kuhusu kusafisha, naomba tena: acheni brashi za chuma na ndimu. Utando mgumu wa kijani unaihifadhi sarafu. Unga mpauko unaopukutika ndio ugonjwa, unaletwa na kloridi pamoja na unyevu. Itenge sarafu hiyo na uiweke pakavu.

Wenye vifaa vya kutafutia chuma ardhini wakumbuke chungu cha Frome, Somerset, mwaka 2010. Kilikuwa na sarafu 52,503. Aliyekigundua aliacha kuchimba akawaita wataalamu, nao wakakitoa tabaka kwa tabaka. Sarafu za Carausius, aliyejitangaza kaisari huko Britania, ni miongoni mwa zile zilizogongwa karibuni zaidi, lakini nyingi zilikuwa chini ya katikati ya chungu, si juu. Hivyo chungu hakikujazwa kidogo kidogo miaka nenda rudi. Angekikomba na koleo, habari hiyo ingepotea moja kwa moja. Tena sheria ya 1996 ya Uingereza na Wales inataka hazina iripotiwe ndani ya siku 14, na sarafu 10 za bronzi za kale kutoka sehemu moja zinatosha kuitwa hazina.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza kila sarafu iwe na kikaratasi chake: uzito, kipenyo, mji, ilikopatikana na nani aliiuza. Muuzaji asiyetaka kusema ilikotoka, tusinunue kwake. Najua pendekezo hili litapunguza makusanyo ya baadhi yetu, na bado naliunga mkono.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kisha tutapiga kura juu ya vikaratasi.

Mwenyekiti