Galme si mlingoti wa akiba

Mhariri,

Nawasoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Ile picha ya chombo cha milingoti miwili gazetini mwenu mliiandikia chini "dau la kale la wavuvi". Kisha mwandishi wenu akaeleza kuwa mlingoti mdogo wa nyuma, yaani galme, ulikuwa wa akiba, ule mkubwa ukivunjika. Lile si dau, ni bumu, chombo kikubwa cha biashara. Omo, yaani mbele yake, imechongoka na nyuma kumechongoka vilevile, na halikuvua hata dagaa. Mabumu yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Kuwait, yamejaa tende za Basra, yakangoja upepo wa kusi yarudi na boriti za Lamu na Rufiji za kuezekea nyumba huko.

Mjukuu wangu aliulizwa shuleni mlingoti wa nyuma unaitwaje na kazi yake nini. Akaandika: galme, husaidia usukani. Akakosa alama zote mbili. Nikaenda mwenyewe kumuona mwalimu. Akanifungulia gazeti lenu, amelikunja vizuri ndani ya daftari, akaniwekea kidole pale pale penye neno "akiba". Mhariri, nilitetemeka. Marehemu baba alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponikalisha shetri, nyuma ya chombo, akanikabidhi kamba ya tanga la galme, nimeizungusha mkononi mara mbili mpaka ngozi ikachubuka. Nikiilegeza, omo inaangukia demani, upande upepo unakoelekea, na nahodha ananikemea. Nikiivuta, chombo kinarudi kwenda joshi, upande upepo unakotoka, na usukani unapata nafuu. Tena matanga mawili mtu anayamudu kuliko tanga moja kubwa mno, upepo ukizidi unashusha moja. Hiyo ndiyo akiba? Mabaharia waliokula chumvi na kulala juu ya boriti mbichi wameandikiwa uongo, na mtoto aliyesema kweli ndiye aliyekosa!

Na hizi boti za kutembeza watalii nazo zinaniudhi. Tanga limefungwa kwenye foromali, mti wa kubebea tanga, injini inanguruma, na mgeni anaambiwa ndivyo babu zetu walivyosafiri. Watu wa Sur, Oman, walilirudisha kwao kutoka Yemen mwaka 1993 jahazi lao la aina ya ganja, Fatah al-Khair, lililoundwa 1951, na leo limesimama pale watoto wanalitazama. Sisi hata jina tumeshindwa kulitunza.

Naomba mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, pamoja na mchoro wenye majina: omo, shetri, mlingoti mkuu, galme, foromali. Na mwandishi wenu aje Bandari ya Kale siku yoyote baada ya alasiri, akae na wazee barazani, aulize kabla ya kuandika. Kahawa nitamnunulia mimi.

Nakala moja nitaipeleka shuleni mwenyewe. Mtoto anazidai alama zake mbili.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa