Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tathmini ya Hatari na Sera ya Taifa ya Usalama wa Chakula

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoufunga. Ya kawaida nitayapitia haraka. Hesabu za chama zimekaguliwa na mtazipokea kutoka kwa mhazini. Kumbukumbu za mkutano uliopita zimeshasambazwa, na uchaguzi wa nafasi zilizo wazi uko kwenye ajenda. Muda uliobaki nauomba kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: namna tathmini ya kisayansi ya hatari zitokanazo na chakula inavyofika kwenye sera ya taifa, na pale inapokwama njiani.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 kuugua kwa mwaka na kuwaua 420,000, miongoni mwao watoto 125,000 wa chini ya miaka mitano. Sera ndiyo inayoamua mkaguzi aende wapi, maabara ipime nini na fedha ziingie wapi kwanza. Sera ikitungwa bila tathmini, fedha hufuata kelele za msimu, na watoto hao hawana kelele.

Wanachama wetu wanafanya kazi pande zote mbili, maabara na vyuo kwa upande mmoja, wizara na mamlaka za udhibiti kwa upande mwingine. Kikosi kazi kilipowasikiliza, kila upande ulikuwa na malalamiko yake. Watathmini walisema ripoti zao huishia kwenye makabati. Waandaaji wa sera walisema ripoti huja baada ya uamuzi, au hujibu jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Baada ya kuyapima yote, kamati imefikia msimamo huu: tatizo kubwa haliko mwisho wa tathmini, liko mwanzoni. Tathmini nyingi huanza bila swali lililoandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili.

Gharama ya hilo imeshaonekana kimataifa. Mwaka 1998 Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kilitoa uamuzi katika kesi ya homoni za kukuzia ng'ombe, ambamo Marekani na Kanada zilipinga katazo la Jumuiya ya Ulaya. Ulaya ilikuwa na tafiti zilizoonyesha kwa ujumla kwamba homoni zinaweza kuhusishwa na saratani. Chombo cha Rufaa kilisema tafiti hizo hazikuwa mahususi vya kutosha, kwa kuwa hazikuchunguza masalia ya homoni katika nyama ya mifugo iliyopewa homoni hizo kwa ajili ya kukua. Sayansi ilikuwepo, ila ilikuwa inajibu swali la jirani. Wale wanaodhani kuwa kurundika machapisho ndiko kufanya tathmini wairudie kesi hiyo kwa makini.

Katika mafunzo ya mwaka huu tulilifanyia jambo hili mazoezi kwa mikono yetu. Swali la kuanzia lilikuwa lile tunalolisikia kila mara: "Je, nafaka hii ni salama?" Tulichukua mfano wa kukokotoa wenye sumukuvu aina ya aflatoksini. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 300 za nafaka kwa siku, na nafaka hiyo ikawa na wastani wa mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, anaingiza mwilini mikrogramu 3 (nanogramu 3,000), yaani nanogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 12 akila gramu 150 za nafaka hiyohiyo anafikia nanogramu 125 kwa kilo, mara mbili na nusu ya mtu mzima. Nafaka ni ileile, gunia ni lilelile, lakini jibu limeshagawanyika mara mbili.

Kisha tukaweka makadirio ambayo kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), JECFA, iliyatoa katika kikao chake cha mwaka 1997. Kila nanogramu moja kwa kilo ya uzito kwa siku huongeza takriban mgonjwa 0.01 wa saratani ya ini kwa mwaka katika watu 100,000 wasio na virusi vya homa ya ini B. Kwa wenye virusi hivyo, ongezeko ni 0.3. Tathmini ya baadaye ilizirekebisha namba hizo, lakini pengo kubwa kati ya makundi hayo mawili lilibaki. Katika jamii ambayo asilimia 10 ya watu wana virusi, ulaji wa nanogramu 50 unatupa karibu wagonjwa 2 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Uchafuzi ukishuka kwa nusu, anabaki karibu mmoja. Ulaji wa nafaka hiyo ukipungua kwa nusu, jibu ni hilohilo. Wenye virusi wakipungua kutoka asilimia 10 hadi 1, tunashuka chini ya mmoja bila kuigusa nafaka kabisa, ingawa chanjo ya virusi hivyo huchukua kizazi kizima kuonyesha matunda yake.

Hapo ukumbi ulibadilika. Aliyekuja akitaka kujua kama kiwango cha juu kinachoruhusiwa kiteremshwe alianza kuuliza ni sehemu gani ya nafaka inayopita mikononi mwa mkaguzi hata kidogo. Kiwango kikiteremshwa kwenye karatasi, nafaka inayoliwa nyumbani kwa aliyeilima haijui. Ukaushaji bora na ghala zuri huifikia, na chanjo humfikia mlaji mwenyewe. Swali zuri la sera basi ni hili: kati ya hatua hizi, ipi itapunguza wagonjwa kiasi gani, katika kundi lipi, na kwa muda gani? Mtathmini akiulizwa hivyo anajua takwimu za kutafuta, na wizara zaidi ya moja zinajikuta mezani.

Kuna jambo la pili, nalo linanigusa zaidi. Mwaka 1989 kikundi cha wanasayansi kilichoongozwa na Richard Southwood kiliiambia serikali ya Uingereza kuwa uwezekano wa ugonjwa wa ng'ombe kichaa kuwadhuru binadamu ulikuwa mdogo sana. Kikaongeza kuwa, kama makadirio hayo si sahihi, matokeo yake yatakuwa mabaya mno. Katika miaka iliyofuata sehemu ya kwanza ilinukuliwa sana kama uthibitisho wa usalama, na tahadhari iliyoambatana nayo ikafifia. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa huo huenda ndio chanzo cha maradhi mapya ya ubongo kwa binadamu. Maumivu ya kipindi hicho yalichangia Umoja wa Ulaya kuanzisha mwaka 2002 mamlaka ya usalama wa chakula inayofanya tathmini bila kuwa yenyewe mtoa maamuzi.

Utenganisho huo naunga mkono kwa dhati. Anayepima hatari asipimiwe maneno na anayeogopa hasara ya soko. Lakini wapo wanaoutafsiri kuwa pande mbili zisizungumze, na hapo nakataa. Kanuni za uchambuzi wa hatari ambazo Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ilizitoa mwaka 2007 kwa matumizi ya serikali zinataka kazi hizi zitenganishwe kimajukumu, na hapohapo zinataka mawasiliano kati yao. Zinataka pia makubaliano ya awali yawekwe wazi: nani alindwe kwanza, na takwimu zikikosekana tuchukue dhana ipi. Hayo ni maamuzi ya kijamii. Mtathmini akiachiwa ayaamue peke yake usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, tumemtwisha mzigo usio wake.

Kuhusu takwimu nitasema kwa ufupi. Maabara nyingi hupima sampuli zilizotiliwa shaka, na matokeo yake hayawezi kuwakilisha chakula kinacholiwa na wengi. Takwimu za ulaji kwa rika ni chache na za zamani. Kusubiri zikamilike si jibu. Hata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea unaruhusu hatua za muda pale ushahidi usipotosha, kwa sharti kwamba nchi itafute taarifa zaidi na kuipitia upya hatua hiyo ndani ya muda unaofaa. Tatizo ni hatua ya muda isiyoandikiwa tarehe ya kupitiwa. Hiyo hugeuka kuwa ya kudumu bila mtu kuiamua.

Kutokana na hayo, kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu ya kupigiwa kura. Kwanza, chama kiombe sera ya taifa iweke sharti kwamba hakuna tathmini itakayoanza bila hadidu za rejea zilizosainiwa na mtathmini na mtoa maamuzi, zikitaja hatua zinazolinganishwa na tarehe ambayo jibu linahitajika. Pili, kila muhtasari unaopelekwa kwa kiongozi ubebe ukurasa wa mwanzo unaosema wazi yasiyo na uhakika na kinachoweza kubadilisha hitimisho, na ukurasa huo usiondolewe na mtu mwingine isipokuwa watathmini wenyewe. Tatu, kila uamuzi utakaotofautiana na ushauri wa tathmini utolewe pamoja na sababu zake kwa maandishi. Mtoa maamuzi ana haki ya kupima gharama, ajira na uwezo wa kutekeleza. Tunachoomba ni kuyaona mapimo hayo.

Pendekezo la tatu ndilo lililozua mjadala mkali ndani ya kamati, na baadhi ya wajumbe wanaohudumu serikalini wameomba nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Nimewapa nafasi hiyo, mara tu baada ya taarifa ya mhazini. Wanachama wenye marekebisho ya maneno wamkabidhi katibu kwa maandishi kabla ya mapumziko.

Nawashukuru wote waliotoa muda wao katika kikosi kazi, hasa mafundi maabara waliotufungulia madaftari yao ya sampuli.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya kamati tendaji